Shanga Tatu za Mwamini

Ujumbe uliingia nikiwa na ndoo ya maji mkononi, na ndoo ikaenda zake. "Ijumaa niko Lodwar. Usipike samaki." Maneno hayo tu, baada ya miaka kumi na miwili ya kusikiana kwa simu bila kuonana! Nikasimama kwenye tope nililolitengeneza mwenyewe, napiga kelele mpaka jirani akaniuliza kutoka upande wa pili wa ua kama nimeona nyoka. Si nyoka, mama, ni Riziki! Riziki gani? Riziki wa kware! Zaidi ya hapo sikuweza kumweleza. Chumba cha wageni kilikuwa hakijafagiliwa, godoro halina shuka, na mimi, badala ya kuanzia huko kama mtu mwenye akili timamu, nikachukua brashi nikaenda kusugua kizimba. Nina kware kumi na mmoja nyuma ya nyumba. Mtaa mzima unanicheka kwa ajili yao: mtu anayeitwa daktari wa mifugo, anayeamka alfajiri kwenda hadi Lokichar kuchanja mbuzi za watu, jioni ukimtafuta unamkuta amechuchumaa mbele ya ndege wasiojaza kiganja. Wacheke tu. Chuoni nilifundishwa majina ya magonjwa na vipimo vya dawa, nami nashukuru, lakini kazi yenyewe nilifundishwa na ndege kama hawa, Kakuma, mwaka niliotimiza miaka ishirini, na nilifundishwa kwa aibu.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule, nangoja nafasi ya chuo. Mzee Farah, Msomali mwenye duka la dawa za mifugo pale Kakuma mjini, akanichukua nimuuzie. Nilipanga chumba cha mabati karibu na laga, ule mto mkavu unaopita maji mvua ikinyesha tu, chumba ambacho mchana huwezi kushika komeo bila kitambaa. Kitanda cha kamba, jiko la makaa, jagi la plastiki lililopinda kwa joto, basi. Upande wa pili wa ukuta alikaa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na kwa kuwa ukuta wenyewe ulikuwa bati moja, nilijua anakula nini, anadaiwa sukari na nani, na akikohoa nilimwambia pole bila kuinuka. Dukani ndiko nilikojiona mtu. Wafugaji waliingia na vumbi lao na salamu zao, "Ejoka?" "Ejok!" na kabla mzee wa watu hajamaliza kunieleza mbuzi wake ana nini, nilikuwa nimeshamshikisha chupa. Nilikuwa na mdomo, siwezi kukataa. Mzee Farah alinitazama tu kutoka kwenye kiti chake, anazungusha tasbihi, anasema, "Akiru, wallahi, wewe siku moja utauza dawa kwa mtu aliyekuja kuuliza njia."

Riziki aliingia siku moja saa tano asubuhi, msichana wa Kongo kutoka kambini, rika langu, ana nywele nene amezisuka misuko minne mikubwa kama ya mtoto, amebeba kikapu kilichofunikwa kwa kanga. Akauliza, "Dada, munakuwaka na chakula ya bandege badogo?" Mzee Farah akacheka, akamwambia ndege wa Kakuma ni mbuni na kanga wa porini, wadogo wamekwenda Nairobi. Riziki hakucheka. Akafunua kikapu. Nikaona vichwa sita vimejipanga, macho meusi, manyoya ya rangi ya ardhi yenye michirizi, na mmoja wao akatoa sauti nyembamba iliyomfanya Mzee Farah ainuke kitini. Kware! Mwaka ule Kenya nzima ilikuwa imeshikwa na wazimu wa kware, kila mtu anazungumza mayai ya kware, lakini Kakuma mjini hatukuwa tumewaona. Riziki alipewa mayai na jirani yake kambini, akayaweka chini ya kuku wa kuazima, na kuku yule, maskini, akaangua watoto waliomshangaza mwenyewe. Nikamuuliza atawauza au atawala. "Hapana," akasema, akakifunika kikapu. "Hawa njo bantu ba mu nyumba yangu."

Sikumuuliza watu wengine wa nyumba yake wako wapi. Kakuma unajifunza mapema yapi yaulizwe na yapi yaachwe. Lakini nilianza kwenda kwake kila Jumapili baada ya kanisa, na sijapata kupenda chumba cha mtu kama nilivyokipenda kile. Ukuta wa matofali ya udongo, mlango wa mikebe ya mafuta iliyopigwa nyundo ikanyooshwa, ndani giza tamu la ubaridi, na harufu ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, iliyochemka tangu asubuhi. Alipika sombe na samaki mkavu wa ziwani na bugali wa muhogo, akanicheka nilivyokata tonge kubwa kama mtu anayeziba shimo. Nje wanawake walikaa kivulini wakichambua mboga, na maneno yao yaliingia dirishani pamoja na vumbi: jina la nani limetoka kwenye ubao wa wanaohamishiwa nchi za mbali, nani ameitwa mahojiano, nani alikwenda Nairobi kupimwa afya akarudishwa. "Jina yako?" "Bado." "Yako?" "Bado." Kware walikaa kwenye kizimba chao chini ya dirisha, na Riziki aliwasemesha huku anapika, mmoja mmoja. Kulikuwa na Chifu, dume, mwenye kifua chekundu kama kutu. Kulikuwa na Shangazi, jike kubwa lenye amri. Na kulikuwa na Mwamini, mdogo kuliko wote, aliyekuja kulala kwenye kiganja cha Riziki wakati sisi tunakula. Wale watatu waliobaki walikuwa na majina pia, na mimi niliyasahau kila Jumapili.

Halafu jina la Riziki likatoka. Mungu wangu, siku ile! Alikuja dukani mbio, kiatu kimoja kimekatika, ananinyooshea tu kidole upande wa kambi, kwenye ubao. Ameitwa Nairobi, mahojiano na vipimo, wiki mbili. Tuliruka kama wendawazimu katikati ya magunia ya chakula cha ng'ombe. Mzee Farah akafunga soda mbili za baridi kwenye gazeti akatupa. Ni baada ya soda ndipo Riziki alipouliza, "Na bantu bangu?" Nikamwambia alete. Akaniuliza kama nitaweza. Hapo ndipo kiburi changu kilipofungua kinywa. "Riziki, mimi Mturkana! Wewe umewahi kuona wapi Mturkana akifundishwa kufuga?" Akaja jioni na kizimba, akakiweka kwenye chumba changu, akanionyesha mmoja mmoja. Huyu anaangaliaka na jicho ya kushoto. Huyu iko na nyusi refu. Huyu anatembeaka kama mwenye deni. Unaona? Naona, nikasema. Sikuona kitu. Nyumbani kwetu nilijua mbuzi wote kwa rangi, kwa pembe, kwa mkato wa sikio, ukinifumba macho nitakutajia kwa sauti, lakini ndege wale watano majike kwangu walikuwa punje za mtama. Kumwambia Riziki arudie, naona aibu. Akaondoka kesho yake kwa basi la asubuhi, amelia, amecheka, ameniambia mara tatu kwamba Mwamini anapenda kushikwa.

Na mimi nikabaki na swali moja: Mwamini ndiye yupi? Siku mbili nilimtambua kwa udogo, nikaogopa. Wenzake wakipungua mwili je? Riziki atarudi aniambie nipe Mwamini, nami nimpe ndege mwingine? Sisi mnyama wa thamani tunamtia alama, hilo halina mjadala, na mnyama wa rafiki ndiyo zaidi. Lakini kware hana sikio la kukata. Nikakaa kitandani nikifikiri, mkono unachezea shanga zangu za shingoni, na wazo likanijia, zuri, nikajipigia makofi peke yangu. Nikakata uzi, nikachukua shanga tatu nyekundu, zile zinazong'aa, nikazitunga, nikamfunga Mwamini mguuni. Jamani alipendeza! Alitembea akiinua mguu kama bibi harusi aliyevaa kiatu kipya. Nikamwita mwalimu wa jirani aje amwone. Akasema amemwona, na je, nina kiberiti?

Siku ya tatu nilikuta unyoya mmoja sakafuni. Siku ya tano, manyoya sita, na Mwamini hana mkia. Nikadhani anabadilisha manyoya, maana kuku hubadilisha. Jumapili Riziki akapiga simu, mlio wa magari ya Nairobi nyuma yake, sauti imejaa mambo: ameona ghorofa yenye ngazi zinazotembea zenyewe, amepimwa damu, amekula chipsi. Tukapiga kelele pamoja. Kisha akauliza, "Bantu bangu?" "Wako sawa," nikasema. "Hawana shida." Na siku ile ilikaribia kuwa kweli.

Wiki mbili zikawa nne, Nairobi wakawa wanamwambia ngoja, na mgongo wa Mwamini ukaanza kuonekana ngozi. Ninajua leo kwamba kware wakianza kudonoana hawaachi wenyewe, kwamba ni kama watu na uvumi, anaanza mmoja kwa kujaribu na wote wanaonja. Mwaka ule sikujua kitu, ila nilikuwa nauza dawa, kwa hiyo nikatibu. Nikawapa vitamini. Nikawapaka dawa ya utitiri. Nikawapa ya minyoo. Mzee Farah akanikuta nafungua pakiti ya nne akasema, "Hao ndege sasa wamekunywa dawa kuliko ngamia wa baba yangu." Mwalimu wa jirani, ambaye sikumuuliza, akasema kupitia batini kwamba tatizo ni dume, dume ni dume tu, mtenge. Nikamtia Chifu kwenye katoni. Chifu alipiga kelele kuanzia alfajiri hadi jua kuzama, sauti ile kali ya kware anayeita wake zake, siku nne mfululizo, mpaka mwalimu yuleyule akagonga bati: "Mrudishie watu wake huyo, nasahihisha mitihani hapa!" Na Mwamini aliendelea kudonolewa vilevile. Jumapili ikafika. "Bantu bangu?" "Wako sawa, Riziki." Ikafika nyingine. "Mwamini anakulaka?" "Anakula sana." Alikuwa amesimama pembeni siku hiyo, kichwa amekiingiza kwenye waya, mgongo una damu, na mimi nimeshika simu sikioni huku namtazama. Nilijiambia nitamponya kwanza halafu nitasema. Nani apeleke habari mbaya Nairobi kwa mtu anayengojea maisha yake? Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa kusikia, "Si ulisema wewe Mturkana?"

Nikampeleka Lodwar kwa nyanya yangu. Lori la Mzee Farah lilikuwa linashuka kuchukua chakula cha mifugo, nikakaa mbele na Mwamini kwenye kofia ya kusuka ya mkoma, na barabara ile ya wakati ule, kabla ya lami, tulimeza vumbi lake mpaka meno yakawa na mchanga. Nyanya alikuwa amekaa mbele ya nyumba akichagua maharagwe. Akamtazama ndege. "Huyu ni mboga?" Si mboga. "Hata mchuzi hatoi. Basi ni wa nini?" Nikamwambia ni wa rafiki. Nyanya akaliweka sinia la maharagwe chini. Kwetu hilo ni jambo lingine kabisa. Mnyama wa rafiki akiwa kwenye zizi lako unamlinda kuliko wako, na akikufia hupeleki maneno matupu, unapeleka ngozi yake, mwenyewe aione kwa macho. "Na akiugua," Nyanya akasema, "habari inafika kwa mwenyewe kabla ya dawa. Umepeleka habari?" Nikasema nimepeleka. Nyanya aliyenilea! Nilimdanganya nikiwa nimekaa kwenye kivuli cha nyumba yake, na maharagwe yake ndiyo niliyokula mchana ule. Akaniamini. Akaleta udongo mwekundu uliokorogwa kwa mafuta ya kondoo, ule anaopakwa mtu au mnyama anayetakiwa mema, akampaka Mwamini mgongo wote taratibu kwa kidole kimoja, akimwombea kwa Akuj, Mungu wetu. Nikarudi Kakuma nimefurahi kweli. Nikamweka kizimbani, mwekundu, anang'aa. Ndani ya saa moja walikuwa wamemrukia wote, hata Chifu.

Nilimtoa nikamweka kwenye sufuria iliyofunikwa kwa ungo, nikakaa chini nikalia. Na simu ikalia ikiwa bado nalia. Ilikuwa Jumapili. Riziki alikuwa anapiga mayowe, sikumwelewa mwanzoni. Amepita! Amepita mahojiano, amepita vipimo, ana tarehe ya ndege, Jumatano anarudi Kakuma kufunga vitu vyake kisha anakwenda nchi ya baridi, mbali huko. "Akiru, lakini kwanza namwona Mwamini. Nitamubeba siku zote mpaka ndege inaruka." Nikapiga kelele za furaha, na zilikuwa za kweli, na katikati ya furaha ile nikaanza kuhesabu siku kwa vidole. Siku tatu! Ndege huyu akinifia, Riziki atasafiri amebeba ngozi.

Jumatatu nikafika dukani, macho yamevimba, nikanyoosha mkono kwenye rafu ya dawa bila hata kusoma. Mzee Farah akanishika kifundo cha mkono. Hakuwahi kunigusa kabla ya siku ile. "Umejaribu ngapi?" Tano. "Na umewaangalia?" Nikamwambia nawaangalia kila siku. "Hapana. Wewe unawatembelea. Leo duka si lako. Nenda ukakae mbele yao, usiguse kitu, usiseme kitu. Mdomo wako uache hapa, nitakutunzia." Nikaenda nimekasirika. Nikamrudisha Mwamini kizimbani, nikaweka jagi la maji pembeni, nikakaa sakafuni, mkono tayari kumnyakua. Jamani, kukaa bila kufanya kitu ni kazi ngumu kuliko kupasua kuni. Dakika kumi za mwanzo niliona ndege sita tu. Kisha nikaanza kuona. Kuna jike lililotazama kwa jicho la kushoto, kweli! Kuna lenye nyusi ndefu. Lile jingine lilitembea kwa kunyatia kando ya ukuta, kama mwenye deni kabisa, nikacheka kwa sauti. Riziki alikuwa ameniambia yote. Jua lilipopanda likaingia kwenye tundu la msumari batini, mwali mmoja mwembamba ukaanguka kizimbani, na Mwamini akapita katikati yake.

Shanga zikawaka. Shangazi, aliyekuwa amelala, akainua shingo. Akaenda moja kwa moja mguuni, akadonoa ushanga. Akaukosa. Akadonoa tena, Mwamini akaruka, na mdomo ukashika unyoya wa ubavuni ukang'oa. Shangazi akala ule unyoya. Wengine wakaja kuona anakula nini. Ndiyo hivyo tu! Hakukuwa na minyoo, hakukuwa na utitiri, wala Chifu hakuwa na kosa. Kila asubuhi kwa zaidi ya mwezi mmoja nilikuwa nimemtuma Mwamini kwao amevaa chakula mguuni, chekundu, kinachong'aa, na walipoacha mguu wakahamia mgongoni kwa damu, nami nikamleta kutoka Lodwar mgongo wote umepakwa rangi ileile. Nilishika kichwa. Nilimfunga alama ili nisimpoteze, na alama ndiyo iliyokuwa inamla.

Siku ile nilifanya kazi kama watu watatu. Nikakata uzi. Nikaosha ule udongo kwa maji vuguvugu na kitambaa cha shuka yangu. Nikagawa kizimba kwa waya, Mwamini upande wake, wenzake upande wao, waonane wasifikiane, maana ukimtoa kabisa akirudi wanamwona mgeni. Nikaziba tundu la msumari, nikafunika kizimba kwa gunia, chumba kikawa na giza kama kwa Riziki. Pale kwake hawakudonoana kwa sababu ya ule ubaridi na lile giza pia, na mimi nimewaweka kwenye tanuri la mabati wana kazi gani zaidi ya kuchokozana! Nikawapa sinia la majivu na mchanga waogee, wakajirusha humo kama watoto laga inapopitisha maji. Nikawaning'inizia majani ya sukuma wadonoe hayo. Nikawasagia samaki mkavu kwenye chakula. Usiku nilisikiliza kutoka kitandani, hakuna mlio. Jumanne hakukuwa na unyoya sakafuni hata mmoja. Nilitoka nje nikamwambia mwalimu, nikamwambia muuza maji, nikakimbia dukani nikamwambia Mzee Farah, naye akasema, "Sasa chukua mdomo wako, umenielemea."

Jumatano Riziki akafika, amebadilika, ana koti la mtumba la baridi amelivaa kwenye joto lile kwa furaha tu. Tulikumbatiana mpaka tukaangusha jagi. Kisha akafunua gunia. Sikumficha, sikupata nafasi ya kumficha. Akamtoa Mwamini, akamgeuza, akaona mgongo uchi wenye magamba ya vidonda na vinyoya vipya viwili vitatu vinavyochomoza. Nikamweleza yote, harakaharaka, shanga, udongo, Chifu, yote, nikamwonyesha hata ule uzi. Alisikiliza akiwa ameuweka mkono juu ya ndege kama kifuniko. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo. "Shanga haina shida. Ulimupenda. Lakini miye nilikupigia simu Jumapili ngapi, Akiru? Kule kambini kila mutoto anajua kware hafungwe kitu nyekundu. Ungeniambia siku ya kwanza, ningekuambia toa. Basi! Neno moja! Siku ya kwanza!" Akawatia Mwamini na wenzake kikapuni, akaondoka. Siku mbili hakuja na mimi sikuthubutu kwenda. Sijui kama nimewahi kujichukia kama siku zile mbili. Chakula hakikupita, na mwalimu wa watu alinipitishia uji chini ya mlango bila kuuliza.

Siku ya tatu, kabla ya basi lake, akaja. Sufuria ya sombe mkono mmoja, kikapu mkono mwingine. Tukala tumekaa sakafuni. Kisha akamtoa Mwamini akamweka kwenye kiganja changu. "Huyu ni nani?" Mwamini. Akatoa mwingine. "Na huyu?" Huyu wa jicho la kushoto, Pendo. Akawatoa wote sita, nami nikawataja wote sita, bila alama. Akalia, nikalia, tukacheka kwa jinsi tulivyolia. "Sasa unabajua," akasema. "Baki nabo. Lakini Jumapili hatudanganyane. Tena hapana." Tukaapa kwa vidole vyenye mafuta ya mawese. Mwamini akaota manyoya yote, akaishi miaka miwili na zaidi, na uzao wao, kizazi baada ya kizazi, ndio hawa kumi na mmoja ninaowasugulia kizimba.

Jumapili ya kwanza ya kule ugenini alinipigia akiwa dirishani. Theluji inaanguka, akasema, nzuri, dada, nzuri kama unga ya muhogo ikichekechwa! Nilimwekea Mzee Farah simu sikioni asikie. Kakuma nzima ilijua siku hiyo kwamba theluji ni nzuri. Na Jumapili zote zilizofuata, miaka kumi na miwili, nilimweleza kila kitu: nilipofeli mtihani wa chuo mara ya kwanza, Nyanya alipofariki, mume alipokuja na alipokwenda. Na yeye akaniambia, "Miye niko sawa, Akiru. Hakuna shida."

Ijumaa nilikuwa uwanjani saa mbili kabla ya ndege, nimevaa shanga zangu zote, nikimsumbua askari wa getini kwa hadithi ya kware. Akashuka. Nilipiga kigelegele mpaka abiria wengine wakageuka, nikamzungusha, akacheka cheko lake lilelile. Nyumbani alikula mbuzi, akasifu, akakataa kupumzika, anataka kuona watu wake kwanza. Akachuchumaa mbele ya kizimba. Alitazama muda mrefu, akatikisa kichwa. "Dada, wote wamefanana." Riziki, wa kusema hivyo! Nikaanza kumtajia, huyu mwenye nyusi, huyu wa uzao wa Shangazi, na nikiwa katikati ya majina nikanyamaza, kwa sababu macho yangu yalikuwa yamefanya kazi yao bila kuniuliza. Mkono alioupitisha kwenye waya ulikuwa na kucha zilizotafunwa hadi nyama. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeteleza, na pale ilipoanzia zamani ile misuko minne minene palikuwa na ngozi tupu, kubwa kama sarafu. Mlango wa jirani ukagonga kwa upepo, akaruka mwili mzima.

Maneno kumi yalinijia mdomoni, na dawa kumi. Nikayaacha. Nikakaa chini kando yake, mgongo kwenye ukuta, nikamtazama tu, naye akajua anatazamwa. Akavuta kitambaa mbele. "Miye niko sawa," akasema. Nikamwambia, "Riziki, leo si Jumapili, lakini kiapo chetu ni kilekile. Siku ya kwanza ya kutokuwa sawa ilikuwa lini?"

Chifu wetu wa sasa akaita mara mbili, akanyamaza. Riziki alifungua kizimba, akamtoa mmoja aliyekuwa karibu, akamfunika kwa viganja vyote viwili.

"Siku ya kwanza," akasema, "ni ile Jumapili nilikuambia theluji ni nzuri."